Gorogoro Iliyobonyezwa: Barua ya Wazi kwa Wapimaji wa Samaki wa Ziwa Victoria

Kwa Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Kwa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI. Na kwa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, Jinja.

MINTARAFU: KUPOROMOKA KWA UVUVI NA KIPIMO CHAKE

Waheshimiwa,

Mama yangu aliuza omena Gatwekera, hapa Kibera, miaka mingi, na somo la kwanza la biashara alilonipa lilihusu kopo. Kabla hujanunua kwa mtu, alisema, ipindue gorogoro uitazame kitako. Ukikuta kimebonyezwa kwa ndani, jua pesa yako imeliwa kabla omena hazijaingia. Ukiitazama kwa juu huoni kosa: kopo ni lilelile, omena zimejaa mpaka zinamwagika, na muuzaji anakutupia kiganja kimoja cha nyongeza ili uondoke ukicheka. Hasara iko chini, mahali ambapo mnunuzi haangalii.

Naikumbuka gorogoro hiyo kila nikisikia neno "kuporomoka". Mwaka huu tunaambiwa uvuvi wa Ziwa Victoria unaelekea kuporomoka, mwaka ujao tunaambiwa umeimarika, na katikati ya hayo hakuna anayetueleza kuporomoka ni nini hasa na kunaanzia wapi. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hawakusema ni bandu ya ngapi ambapo mtu mwenye akili huweka shoka chini. Nawaandikia kuuliza hiyo bandu.

Kipimo kinachojulikana zaidi duniani ni chepesi kueleweka. Mwaka 2006 Boris Worm na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba samaki wa aina fulani wahesabiwe kuwa wameporomoka pale mavuno ya mwaka yanaposhuka chini ya asilimia 10 ya mavuno makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa. Kwa kufuata mkondo huo wakatabiri kwamba kufikia 2048 samaki wote wanaovuliwa baharini wangekuwa wamefikia hali hiyo. Ray Hilborn na wataalamu wengine wakapinga: mavuno si samaki. Mvuvi anaweza kurudi na kidogo kwa sababu soko limefungwa, mafuta yamepanda bei au serikali imepiga marufuku. Wakataka kipimwe kile kilichomo majini, kilinganishwe na kile ambacho kingekuwamo kama hakuna mtu angetupa wavu. Worm na Hilborn waliishia kuketi pamoja, na mwaka 2009 wakatoa utafiti mmoja.

Sasa tukichukue kipimo hicho cha asilimia 10 tukilete nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 upande wa Kenya wa Ziwa Victoria ulitoa karibu tani 200,000 za samaki kwa mwaka. Takwimu za miaka ya karibuni ziko chini ya tani 100,000. Zaidi ya nusu imekwenda. Lakini kwa kipimo cha asilimia 10, uvuvi wetu hautaitwa umeporomoka mpaka ushuke chini ya tani 20,000. Yaani tunaweza kupoteza samaki wanane katika kila kumi na bado taarifa ikaandika kwamba hatujaporomoka. Kitako hicho kimebonyezwa, waheshimiwa, tena kwa nyundo.

Huo ni ubonyezaji wa kwanza. Wa pili ni wa kujumlisha samaki wa kila namna katika tani moja.

Reli ipitayo Kibera ilifika ziwani Kisumu Desemba 1901. Miaka minne baadaye, 1905, nyavu za kisasa za kutega zikaingia katika Ghuba ya Nyanza. Wavu ukapata samaki, reli ikapata mzigo, na Nairobi ikapata kitoweo. Samaki aliyetafutwa alikuwa ngege. Kufikia miaka ya 1920 wavu mmoja ulikuwa umeanza kurudi na wachache mno, hata serikali ya kikoloni ikamtuma Michael Graham kulichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928. Graham alishauri tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5, na akaonya kwamba kuleta ziwani samaki mkubwa mla wenzake lingekuwa jambo la hatari. Sheria ya inchi 5 ilikuja ikalegezwa katika miaka ya 1950. Wakati huohuo samaki mla wenzake akaanza kumwagwa ziwani. Sisi tunamwita mbuta, Watanzania wanamwita sangara.

Ningu alipotea kwa njia yake. Huyu alikuwa samaki wa mitoni: mvua zikinyesha hupanda Nzoia, Yala na Kuja kwenda kutaga. Watu wakamtegea nyavu kwenye midomo ya mito, wakamvua akiwa na mayai tumboni, na kabla ya uhuru uvuvi wake ulikuwa umekwisha. Fulu, wale wadogo wa rangi nyingi waliokuwa na spishi kama 500, ndio waliokuwa sehemu kubwa ya samaki wote wa ziwa hadi miaka ya 1970. Mbuta alipoongezeka katika miaka ya 1980 fulu walifyekwa, na spishi zinazokadiriwa kupita 200 hazikuonekana tena, ingawa baadhi ya waliosalia wameanza kurudi.

Katika miaka hiyohiyo, tani za jumla zilikuwa zinapanda! Mbuta alijaza daftari. Naye alipoanza kupungua, omena zikalijaza, na leo omena ndizo zinazoongoza kwa uzito. Anayesoma mstari wa jumla peke yake ataona ziwa lenye afya, kumbe kila baada ya miaka thelathini ziwa hilo linazika samaki mmoja na kuandika jina la mwingine juu ya kaburi.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kwenye lugha yetu wenyewe. Nenda soko la Makina au la Toi uombe ngege. Utapewa, na utakula ushibe. Lakini huyo si ngege aliyefanya Graham atumwe ziwani. Ni tilapia wa Mto Nile, ambaye wavuvi wa ziwani humwita nyamami, aliyeletwa na binadamu katika miaka ileile aliyoletwa mbuta. Ngege wa asili karibu ametoweka katika ziwa kubwa. Amesalia zaidi katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli. Jina limebaki sokoni, mwenye jina ameondoka, na sisi wanunuzi hatukugundua. Mwaka 1995 Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huchukua hali kilichoikuta ujanani kuwa ndiyo hali ya kawaida, kikapima hasara kuanzia hapo. Pauly aliwazungumzia wataalamu. Angefika Kibera angeona kwamba hata sufuria husahau.

Ubonyezaji wa tatu ni wa kuhesabu mavuno bila kuhesabu mikono inayovuna. Hesabu yenu wenyewe ya wavuvi na vyombo, mliyoianza mwaka 2000, ilikuta wavuvi kama 129,000 katika nchi tatu mwaka huo wa kwanza. Kufikia 2016 walikuwa karibu 220,000. Tani za ziwa zima zikibaki palepale huku wavuvi wakiongezeka hivyo, kila nyumba inapata kidogo kuliko jana, na jitihada inayohitajika kumtoa samaki mmoja imeongezeka.

Kwa omena hata pato la boti moja kwa usiku mmoja linaweza kudanganya. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Taa huwaita kutoka mbali mpaka wakakusanyika chini ya mwanga, ndipo wavu hushuka. Hata wakipungua nusu ziwani, taa itaendelea kuwakusanya waliobaki, na boti itarudi na mzigo unaokaribia ule wa zamani. Mvuvi atasema samaki wapo, naye hasemi uongo. Wapo chini ya taa yake. Yaliwapata hayo Wakanada wa Newfoundland na samaki wao wa chewa: meli ziliendelea kuwapata kwa wingi pale walipojikusanya, wakati jumla yao ilikuwa inaanguka. Tarehe 2 Julai 1992 waziri John Crosbie akaufunga uvuvi uliodumu karne tano, na watu kama 30,000 wakakosa kazi. Ulisemwa kuwa ufungaji wa miaka miwili. Ulidumu miaka 32, hadi 2024.

Nisiwaonee. Najua kinyume chake pia ni kweli, kwamba mavuno kidogo hayathibitishi ziwa tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilipozuia samaki wetu kwa sababu za afya, wavu ulipumzika bila ziwa kuishiwa. Magugu maji yakiziba gati, boti hazitoki. Uganda ilipopeleka wanajeshi ziwani mwaka 2017 kupambana na uvuvi haramu, wavuvi wengi waliacha kazi. Mwezi ukiwa mpevu omena huadimika Kibera, na hakuna anayelia kwamba zimekwisha. Kwa hiyo sidai mtangaze maafa kila bei inapopanda. Nadai kitu kigumu zaidi: kipimo kinachoweza kutenganisha mwezi mpevu na ziwa tupu.

Na vifaa mnavyo. Tangu 1999 mmekuwa mkipita ziwani na mitambo ya mawimbi ya sauti inayokadiria samaki walio chini ya maji, wale ambao hawajavuliwa na yeyote. Tangu 2005 mna utaratibu wa kupima mavuno ufuoni. Kenya kuna kamati za usimamizi wa fuo, BMU, zenye watu wanaojua kila boti na mwenye boti. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inataka mipango ya usimamizi. Kinachokosekana ni mstari uliochorwa mapema kwa kila samaki, ukiandikwa pembeni yake: tukifika hapa, tutafanya hivi.

Naomba sasa mnifuate Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, kwa dada yangu. Mtu akitoka Ngong Road kwenda huko hupita Naivasha Road, na jina hilo la barabara lina somo lake. Ziwa Naivasha, kilomita zisizofika 100 kutoka hapa, lilivuliwa mpaka serikali ikalifunga mwaka mzima kuanzia 2001. Kwa hiyo hatuwezi kusema kufunga ni jambo la Wazungu wa Newfoundland. Tumewahi kufanya. Ila tulifanya baada ya nyavu kurudi tupu, na huo ndio utaratibu ninaolalamikia.

Karibu na steji ya matatu za 46 dada yangu anakaanga samaki. Karai lake limejaa kila jioni, na mpita njia anaweza kuapa kwamba Kenya haijawahi kupungukiwa. Lakini mwulize kila samaki alikotoka. Huyu ametoka kwenye katoni ya barafu, amefugwa China. Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alilalamika hadharani kuhusu samaki hao. Vuta nikuvute ikafuata, kisha katoni zikaendelea kuja, kwa sababu ni rahisi na watu wana njaa. Yule ametoka kwenye kizimba cha kufugia ndani ya ziwa. Yule mwingine amevuka mpaka kutoka Uganda. Hata omena, ambazo uvuvi wake upande wetu hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, huwa hazikauki sokoni miezi hiyo. Basi karai lililojaa si cheti cha afya ya ziwa. Mtaa unaweza kuendelea kula samaki mpaka siku ziwa linapokufa, na asishtuke mtu ila mvuvi na mama anayemngoja ufuoni.

Hata hivyo kuna kitu kwenye meza ya dada yangu ambacho wapimaji wenu wangekipenda. Ni mgongo wazi. Mbuta akifika kiwandani Kisumu hukatwa minofu, minofu ikasafirishwa ng'ambo, bondo lake, yaani kifuko cha hewa, likaenda kwa wanunuzi wa China kwa bei ambayo dada yangu haipati kwa wiki. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, na hicho ndicho huletwa kwetu. Mtaalamu hukiita taka. Lakini mgongo wazi una urefu wote wa samaki, kutoka mdomo hadi mkia. Kanuni yenu inasema mbuta chini ya sentimita 50 asivuliwe, wala aliyezidi 85, kwa kuwa mdogo hajazaa na mkubwa ndiye mzazi bora. Mtu mwenye futi ya fundi cherehani anaweza kukaa Kawangware asubuhi moja akajua kama kanuni hiyo inafuatwa kilomita 300 na zaidi kutoka hapa. Jioni moja nilipima mwenyewe, kwa kiganja tu. Niliacha kuhesabu niliowaona wafupi.

Vivyo hivyo omena. Mama alikuwa akilaza moja juu ya kidole chake cha shahada. Nzuri, alisema, huvuka pingili mbili. Leo naokota kwenye gunia nyingi zisizoifikia ya pili. Kidole cha mtu mmoja si sayansi, nakubali. Lakini watafiti nao wameona omena zikianza kuzaa zikiwa ndogo kuliko zamani, na samaki akiharakisha kuzaa namna hiyo, mara nyingi ni kwa sababu wanaochelewa hawafiki.

Ndiyo maana naomba kwanza kila samaki apewe mstari wake: mbuta wake, nyamami wake, omena zake, hata fulu na kamongo. Msitupe tani ya pamoja. Mstari huo upimwe kwa kilichomo majini na kwa urefu wa wanaovuliwa, wala si kwa uzito uliofika ufuoni peke yake. Tena mwanzo wa hesabu usiwe mwaka ambao mtumishi wenu alianza kazi. Daftari za Graham zipo, za ningu zipo.

Pili, mstari uje na hatua yake, na hatua ije na bajeti yake. Mkifunga ziwa, anayelala njaa wa kwanza ni kibarua wa boti, na wa pili ni mama wa Kibera ambaye gunia moja la omena ndilo ada ya shule. Samaki wakiadimika, ufuoni hugeuka pia mahali pa kudhulumu wanawake. Jaboya, yaani kumtaka mama atoe mwili wake ndipo auziwe samaki, hustawi penye uhaba. Kipimo cha kuporomoka kisichohesabu hilo kimeacha nusu ya maporomoko nje.

Tatu, amueni waziwazi omena ni chakula cha nani. Sehemu kubwa yake husagwa kuwa lishe ya kuku na mifugo mingine. Kwa wengi wa Gatwekera na Kawangware hiyo ndiyo protini ambayo mfuko unaimudu. Siku mstari wa omena utakapokaribia, kinu cha lishe ndicho kianze kupunguziwa, sufuria ifuate mwisho.

Nne, andikeni kwa lugha tunayoisoma. Niliwahi kwenda katika ofisi moja, ambayo siitaji, kuuliza takwimu za omena. Nikapewa kitabu kinene cha Kiingereza nikisomee palepale kwenye benchi, kisha nikirudishe. Ibara ya 35 ya Katiba inanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Ibara ya 7 inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Karatasi moja kila mwezi inatosha, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, ikibandikwa ufuoni Dunga na Usenge, ikibandikwa sokoni Gikomba, Toi na Kawangware: samaki gani, urefu gani, mstari uko wapi, sisi tuko wapi.

Mtasema wananchi hawaelewi mambo ya makisio na asilimia. Waheshimiwa, hakuna mnunuzi mkali wa vipimo kuliko mtu mwenye shilingi hamsini. Wanawake wa Kibera hupindua kopo, hugonga kitako, hukataa. Hawakufundishwa na chuo chochote. Tupeni kipimo chenu tukipindue nasi tukitazame. Kikiwa hakijabonyezwa, tutakubali hata habari mbaya kitakayotuletea, na mkisema ziwa lifungwe tutawauliza tu ni kwa muda gani. Kikiwa kimebonyezwa, tutajua ni kwa nini gorogoro inajaa na watoto hawashibi.

Nangoja jibu lenu.

Wenu,
Mtoto wa muuza omena, Gatwekera, Kibera